Sange Aliyeuza Kompyuta Gizani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na soko lao ndani ya pango, na umeme ukiingia kwa waya mmoja tu. Humo Tembo, mkuu wa soko, na jirani yake Kiboko waliuza kompyuta walizotengeneza wenyewe, zenye vioo vikubwa kama milango.

Akaja Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu. Naye alitengeneza kompyuta, ndogo kama kigae. Wateja wakaipita.

"Hii ya nani? Sijawahi kuisikia," alisema Mama Kanga, akaenda zake.

Mara, gu! gu! gu! Tembo huyo.

"We kapua! Jua likizama hujauza hata moja, nakanyaga kibanda na vilivyomo!"

Sange akageuka nyuma. Kibandani ndimo walimolala watoto wake. Walikwishasikia, walijikunja nyuma ya maboksi, hata kupumua wanaogopa.

Kwenye mlango wa pango, jua lilikuwa limeinama.

"Ee Mola, nisitiri," Sange akanong'ona. Kisha akautazama ule waya.

"Shikamoo, Bwana Tembo. Mimi nimeshindwa. Ila Bwana Kiboko anasema zake zinang'aa kuliko zako."

"Nani? Huyo wa matope? Vijana, washeni zote!"

Kiboko akasikia. "Ala! Na zangu zote! Na mafeni juu!"

Swichi zikalia, ta! ta! ta! Pango likawa jeupe. Waya ukaanza kuunguruma, zzzzz! Sange akafumba macho. Ukishika moto je? Watoto wangu!

PAAA!

Giza totoro; mwanga wa mlangoni haukufika huku ndani. Vilio kila upande. Sange akapapasa kompyuta yake, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

Tii! Ikawaka.

"He! Hiyo inakula nini?" akauliza Mama Kanga, akiufuata mwanga.

"Ina betri yake, mama. Naianika juani."

"Nipe basi, nitoke humu!"

Sange angeweza kupokea pesa tu na kunyamaza. Lakini moyo ulimchoma.

"Ngoja, mama. Kiboko hakusema neno. Nimedanganya, ili waya uzidiwe. Niliwaogopea wanangu. Na betri hii haifiki asubuhi."

Kisha juu ya kichwa chake, pumzi nzito.

"Kumbe ni wewe!" Mguu wa Tembo ukainuka. Watoto wakapiga yowe.

"Mguu chini, Bwana Tembo!" Mama Kanga akafoka. "Kule mlangoni jua halijazama, na mimi nimenunua. Wewe lini uliniambia ubaya wa kompyuta yako?"

"Na mimi naitaka," sauti ikasema gizani. "Na mimi!"

Tembo akautua mguu polepole, pembeni ya kibanda. Sange akakimbilia watoto wake nyuma ya maboksi.

Basi, wanangu, hila humwita mteja, lakini ukweli ndio humfanya anunue.