Mbuzi wa Tufani

Kisa kinakuja! Semeni: Na kije! Kinakuja na moshi! Semeni: Tukipishe! Haya, sogeeni. Na wewe acha kuchezea mkeka wangu.

Zamani hizo, zamani za garimoshi linalokula kuni, farasi wa mashindano walikwenda Nairobi kwa reli. Ndiyo, farasi! Unacheka nini? Walikuwa na behewa lao, majani makavu sakafuni, na saisi, yaani mtunzaji wao, amesimama nao njia nzima kawashika kamba.

Sasa palikuwa na farasi jike aitwaye Tufani, na saisi wake arap Tuwei, mtu wa milimani. Tufani alikimbia, alikimbia, alikimbia, hata kivuli chake kikamlalamikia. Lakini behewani alikuwa mwoga kuliko kuku. Bila mbuzi wake mweupe kulala miguuni pake, hatulii. Mnamcheka? Nani hapa analala peke yake? Mbona kimya?

Siku ya safari, asubuhi, stesheni imejaa watu. Tufani kashapandishwa, arap Tuwei anakimbilia maji yake. Akamwona mpishi wa stesheni, Mwinyikombo, mtu wa pwani, kanzu safi, kofia imekaa sawa. Akampa kamba ya mbuzi.

"Mzee, nitengenezee huyu mbuzi wa safari, narudi sasa hivi."

"Ondoa shaka, bwana. Nitakutengenezea vizuri."

Sikieni hapo, wajukuu zangu. Kwa saisi, kutengeneza mnyama ni kumpiga brashi na kumfunga kamba vizuri. Kwa mpishi, kutengeneza mbuzi ni nini? Ehee! Mmeshajua.

Foleni ya maji ilikuwa ndefu. Arap Tuwei akarudi na ndoo, mbio mbio.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Maini yako jikoni, bwana. Nyama nimeitia chumvi, itafika salama."

Ndoo ikaanguka. "Umeniua, mzee! Yule ni mwenzake farasi!"

"Si ulisema nimtengeneze?"

Filimbi ikalia. Behewani Tufani keshaanza: teke, teke, teke! Ubao ukapasuka. Na farasi wa siku hizo akivunjika mguu, watoto, hafungwi bandeji. Hupigwa risasi papo hapo. Arap Tuwei alimlea Tufani tangu siku aliyozaliwa. Alirukia behewani akilia mbele za watu, wala hakuona haya. Akajaribu kulia kama mbuzi. Sauti ikatoka na kwikwi, farasi akazidi. Teke, teke, teke! Magurudumu nayo yakaanza kusogea.

Ndipo Mwinyikombo akapandisha kanzu yake, akakimbia, akadandia.

"Shuka, mzee! Atakupasua kichwa!"

"Aliyemchinja ni mimi. Wewe shika kamba, nyamaza."

Akapiga magoti kwenye majani, pale pale mahali pa mbuzi, mtu mzima na heshima zake. "Meee!" Teke! "Meee!" Teke! "Meee!" Tufani akainamisha kichwa, akanusa kanzu iliyojaa harufu ya mbuzi, akavuta kofia, akaitafuna. Mwinyikombo hakuinuka. Akinyamaza, Tufani anaanza. Akilia, Tufani anatulia. Akalia stesheni hata stesheni, mchana kutwa, na abiria wa mabehewa mengine wakauliza huyo mbuzi ana shida gani.

Mnataka kujua Tufani alishinda? Nilijua tu mtauliza. Alikuwa wa nne. Nuneni! Lakini Nairobi alishuka kwa miguu yake yote minne, mizima. Hapo stesheni Mwinyikombo akamshika saisi mkono amwombe radhi, akafungua kinywa, na sauti iliyobaki ikatoka: "Mee." Arap Tuwei akamkumbatia, akicheka, machozi yanamtiririka.

Basi shikeni hili: neno moja lina nyumba mbili, bisheni hodi kabla ya kunoa kisu. Na ukikosea, usitume mtu. Ingia behewani mwenyewe.

Kisa kimefika, mwenye kushuka ashuke. Kama chumvi imezidi, tieni maji wenyewe.