Shikamoo ya Valvu Mpya

Kipya hakianzi kazi kabla ya shikamoo.

Nimewaona mkichekeana mlipousoma msemo huo ukutani, na mmoja wenu akauliza kama spana nazo huamkiwa asubuhi. Chekeni tu. Mimi nilicheka kuliko nyinyi, na ni kosa langu mimi lililofanya uandikwe hapo. Sikusingiziwa. Hilo boksi la beringi liwekeni mezani, halitakimbia. Kaeni niwaambie msemo huo ulivyozaliwa.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu hapa kiwandani. Diploma yangu nilitembea nayo kama mama anayetembeza mtoto wa kwanza, kila mtu lazima aione. Wenzangu wakaniita Diploma, nami nikaitika. Boila lilikuwa hilihili mnalolisikia likinguruma hapo nyuma, ila mchochea moto wake siku zile alikuwa Mzee Mwasomola. Mtu mfupi, mpole, na kigoda chake kilikuwa hatua tatu kutoka mlango wa tanuri.

Juu ya boila kuna valvu ya usalama. Mvuke ukizidi kiasi, inafunguka yenyewe na kuutoa nje, boila lisipasuke. Hiyo ndiyo kazi yake, haina nyingine. Basi ile tuliyokuwa nayo ikaanza kuvuja. Tukazima moto, nikaifungua kwa mikono yangu, nikaagiza nyingine mjini. Jumatano asubuhi ikafika, imepakwa rangi nyekundu inang'aa utadhani imevikwa kwa ajili ya harusi. Nikasoma boksi: saizi yetu, presha kumi, ileile ya boila letu. Nikaridhika. Kumbe kusoma boksi ni kama kumjua mtu kwa koti lake.

Sasa, hapa kulikuwa na desturi. Meneja wa wakati ule alichukia vyuma vilivyorundikana, akaamuru kitu kipya kikiingia, cha zamani kitoke siku hiyohiyo. Na Jumatano ndiyo siku aliyokuwa akipita Ambwene, mnunuzi wa chuma chakavu, baba yake huyu mnayemwona akipita Jumatano siku hizi. Ikawa mpya inaingia kwa mlango wa mbele, ya zamani inatoka kwa mlango wa nyuma. Hata hazikuonana.

Tangu alfajiri malori yalikuwa yanashusha majani ya chai ya wakulima wa vijiji vitano. Majani mabichi hayajui kusubiri. Bila mvuke wa kuyakausha, kesho yake ni mbolea. Kwa hiyo nilipopanda ngazi na spana mkononi, kiwanda kizima kilikuwa kinanitazama mimi, na sitawaficha, nilipenda kutazamwa.

Mzee Mwasomola akaniuliza ile ya zamani iko wapi. Nikamwambia imeshapanda gari la Ambwene. Akalaza koleo lake chini.

"Basi moto siwashi."

Nikamuuliza kwa kejeli kama alitaka kuiaga.

"Siiagi. Nataka hiyo mpya iiamkie. Kwetu hata mkwe mpya hashiki mwiko kabla hajamwamkia mwenye jiko. Zilaze mezani, zitazamane. Zikielewana, nawasha."

"Mzee wangu, boksi limeandikwa presha kumi. Na majani yale yanaharibika."

"Boksi halitakaa juu ya boila, Diploma. Na mbele ya mlango huu nakaa mimi, mwanangu. Wewe utakuwa ofisini."

Hakupandisha sauti. Nikakitazama kile kigoda, nikahesabu hatua zilezile tatu. Nikashuka ngazi. Nikasema nitairudisha hata nikiikuta imeanza kuyeyushwa.

Nikachukua bodaboda, tope likatushinda njiani, nikamalizia kwa miguu, mvua ya Rungwe inanipiga kisogoni. Nikamkuta Ambwene kule bondeni kwenye kibanda chake cha mizani, valvu imeshamwagwa kwenye lundo pamoja na majembe, sufuria na rimu za baiskeli. Nikamweleza shida yangu. Akanambia chuma kikishapita mizani hakina tena ukoo, nijitafutie mwenyewe.

Nikachimbua. Nikapata valvu tatu zinazofanana, zote na kutu. Ambwene akauliza yangu ni ipi.

Wanangu, sikuijua. Kile kitu nilikifungua kwa mikono yangu, nikakibeba kifuani, nikakikabidhi, lakini sikuwa nimekiangalia. Nilipanga kufunga mpya bila kuijua ya zamani. Nikakaa pale kwenye matope nikizigeuza moja moja, mpaka nikaona moja ina mchirizi mweupe wa chumvi ya maji, pale ilipokuwa inavuja. Ugonjwa wake ndio ulionitambulisha. Nikaikumbatia, nikapanda nayo kilima.

Nilifika saa saba mchana. Tukazilaza mezani, hii meza, kikuukuu kulia na kipya kushoto. Urefu sawa, nyuzi za kufungia sawa. Nikaanza kujisikia nafuu. Mzee macho yake yalikuwa yamechoka na moto, hakutumia macho. Akapitisha kidole kwenye springi ya ile ya zamani, kisha ya mpya. Akarudia.

"Huyu mgeni amenenepa," akasema.

Nikatazama vizuri. Springi ya zamani ilikuwa nyembamba kama kalamu, ya mpya nene kama kidole gumba. Nikachukua kisu nikakwangua rangi shingoni, pale namba hupigwa kwenye chuma chenyewe. Kumi na sita. Boksi linasema kumi, kilichomo ndani kinasema kumi na sita. Nani alichanganya, na wapi, mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba mvuke ungepita kumi, ukapita kumi na mbili, ukapita kumi na nne, na valvu yangu nyekundu ingekuwa imelala usingizi. Na Mzee ameketi hatua tatu.

Hakunisuta. Aliniuliza tu kama mgeni ameamkia.

"Amekataa, Mzee," nikasema.

Meneja akaja, akaomba tuifunge kwa siku moja tu, tukichungulia saa ya presha kwa macho. Nikamwambia hapana, spana nikaitia mfukoni. Akasema majani. Nikasema hapana tena. Malori yakapakia upya, yakapeleka majani kiwanda cha jirani, na mizigo miwili iliyobaki ikaoza. Kwa wakulima wenyewe nilikwenda mimi, nyumba kwa nyumba, kuwaomba radhi. Waliponitukana nilisimama nikasikiliza.

Valvu sahihi ilifika Ijumaa. Nikakwangua rangi kabla ya kusalimia watu. Tukazilaza kando kwa kando: springi sawa, namba sawa. Mzee Mwasomola akapitisha kidole, akaitikia kwa niaba ya ile ya zamani:

"Marahaba."

Akachukua kiberiti. Leo amestaafu, anapalilia migomba yake, ana vidole vyote kumi. Na brashi iliyoandika ule ukuta niliishika mimi.

Kwa hiyo shikamoo hii si kwa kuwa chuma kina masikio. Tunakilaza kando ya mwenzake aliyeijua kazi, tukikague chenyewe, si boksi lake. Kipya hakianzi kazi kabla ya shikamoo.

Haya. Itoeni beringi yenu ndani ya boksi. Ilazeni hapa, upande wa kushoto. Vizuri, inang'aa. Sasa naomba mniletee ile ya zamani, mliyoitoa kwenye pampu asubuhi, ije iamkiwe.

Mbona mnaangalia dirishani? Najua leo ni Jumatano.

Wanangu, nimeomba ile ya zamani.