Kibuyu cha Bibi Kanga

Hapo zamani za kale, mwaka ule mvua zilipogoma kabisa, wanyama walichezea karata maji ya kunywa. Ndiyo, maji! Sogeeni msikie.

Mama Nguchiro alikuwa na watoto wanne na mtungi mkavu. Asubuhi akabisha hodi kwa jirani yake, Bibi Kanga.

"Bibi, niazime maji. Wanangu midomo imewapasuka."

"Wewe? Ambaye mumeo alikula mayai yangu manane?"

"Ndiye mimi. Sina la kujitetea."

Bibi Kanga akasonya, mfyuu! Kisha akampa kibuyu chake cha mwisho.

Mama Nguchiro akawanywesha watoto nusu. Nusu nyingine akaenda nayo mkekani, kwenye mchezo wa karata.

Walikuwa sita: Tembo, Nyati, Ngiri, Fisi, Kiboko na yeye. Kila mmoja humimina kata moja ya maji kwenye beseni, hupewa karata moja, huichungulia. Ukisema "Napita," umeyaacha maji yako. Ukisema "Nipo," unaongeza kata nyingine. Waliopo hufunua, na ree ndiyo kubwa kuliko zote. Akibaki mmoja, hubeba beseni bila hata kufunua.

Mama Nguchiro akapita, akapita tena. Kati ya watu sita, aliwaza, mmoja hakosi karata nzuri. Mara moja tu alipata karata ya picha, akabeba, ikampa pumzi.

Kiboko naye alingoja ree, na siku hiyo ree zilimpenda. Adhuhuri wenzake wanne walikuwa wamekauka. Watatu wakaenda zao, Fisi akabaki kugawa karata.

"Mama, nenda ukapike!" Kiboko akacheka. "Mimi nina pipa zima."

"Nami nina kata mbili, baba. Fisi, gawa!"

Akamimina moja, akachungulia. Nne! Akikosea, watoto watalala na kiu. Lakini sasa wamegawiwa wawili tu. Ree zimelala kwenye bunda. Huyu naye ana nini?

"Nipo!" Chubwi, kata ya mwisho ikaingia.

Kiboko akaitazama sita yake. "Baba yangu alinifundisha, bila ree usiongeze. Napita."

Ikawa hivyo mchana kutwa. Mama Nguchiro akipata tatu, "Nipo!" Akipata mbili, "Nipo!" Kiboko anakuna shingo: "Napita."

Mara Kiboko akaruka, mkeka ukatikisika. "NIPOOO!"

Mama Nguchiro akaweka karata yake chini polepole. "Napita, baba. Hongera."

"Ree yangu yote, kwa kata moja tu?"

"Ndiyo hiyo, baba. Fisi, gawa!"

Jioni akaja Mama Kiboko. "Mume wangu, maji ya mgongo wako yako wapi?" Akaligonga pipa. Kong! Kong! Tupu.

"Wewe mama," Kiboko akamfokea Mama Nguchiro, "ulikuwa na ree ngapi?"

Fisi, aliyekuwa akizikusanya karata, akaanguka kwa kicheko. "Ree? Alikuwa na mbili, na tatu! Wewe umepita na sita!"

"Si nilifundishwa kungoja ree!"

"Tulipokuwa sita ulikuwa sahihi, baba," alisema Mama Nguchiro. "Tumebaki wawili, nawe bado unawaogopa walioondoka."

Akammwagia kata mbili mgongoni, pwaa, asipasuke ngozi. Kisha akajaza maji kwenye vibuyu, akavibeba moja kwa moja hadi kwa Bibi Kanga.

"Hiki ni chako, bibi. Hiki cha pili ni asante. Na baba watoto akisogelea tena kiota chako, nitamng'ata mwenyewe."

"Mng'ate mkia," alisema Bibi Kanga, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akacheka.

Watoto wanne wakanywa mpaka matumbo yakalia gulugulu, na mama yao akakaa chini, hatimaye, akanyoosha miguu.

Basi jueni: watu wakipungua mkekani, cheza na aliyebaki, na usimsahau aliyekupa cha kuanzia.