Pua ya Ardvannoch

Ukungu ulishuka kutoka mlimani alfajiri, ukakijaza kijiji cha Ardvannoch taratibu kama maziwa yanavyojaa bakuli, hata mapaa ya kiwanda cha wiski yakabaki ncha tu. Ndani ya nyumba yake ya mawe Bi Murdina MacAskill alikuwa bado usingizini, naye alikuwa akinusa. Alinusa koti la marehemu baba yake lililolowa mvua. Alinusa mkate wa shayiri juu ya bati la moto, na mboji kavu ikiungua mekoni badala ya kuni, na matofaa yaliyolazwa darini juu ya majani makavu. Harufu zilimjia mojamoja, bila haraka, kila moja ikaketi ukingoni mwa kitanda kama jirani aliyezoea kuingia bila hodi. Kisha alifumbua macho, na zote zikaondoka. Hewa ikawa hewa tu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake. Homa ya mwezi Machi ilimlaza siku sita, na ilipoaga iliondoka na uwezo wake wa kunusa. Pua yenyewe ilibaki pale pale, ndefu na nyekundu kwa baridi kama pua zote za ukoo wa MacAskill, ila haikuwa na kazi tena. Sasa Novemba ilikuwa inakwisha. Maziwa yalimchachia bila yeye kujua. Siku moja alikula samaki aliyeharibika, akaumwa tumbo siku mbili, akasingizia hali ya hewa. Ndotoni tu ndiko alikobaki mzima, ndiyo maana siku hizi alilala mapema na kuamka kwa shingo upande.

Kwa mtu mwingine huo ungekuwa msiba mdogo. Bi Murdina alikuwa amefanya kazi miaka arobaini katika maghala ya wiski, akiinamia mapipa na kuwaambia wenye mali lipi limeiva na lipi liachwe. Kwa miaka ishirini na sita, yeye ndiye aliyechagua wiski za sikukuu ya Mtakatifu Andrea, nazo sharti ziwe za kimea cha shayiri tupu, kila moja ya kiwanda kimoja, isiyochanganywa na nyingine. Ya kwanza ilikuwa ya kuwapokea wageni. Ya pili iliandamana na hagisi, ile soseji nene ya nyama za ndani za kondoo. Ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ilikuwa ya kikombe cha kimya. Kikombe hicho, chenye mikono miwili, hunywewa na aliyefiwa mwaka huo, na wiski yake hutafutwa hadi ipatikane inayomkumbusha marehemu. Watu walimwita Bi Murdina "Pua," naye jina hilo lilimkaa vizuri kuliko la ubatizo.

Nesi wa kijiji, Kirsteen, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Ilikuwa hatua arobaini tu. Bi Murdina hakuzipiga. Alijisemea kwamba kesho pua itafunguka, na kesho ikazaa kesho nyingine. Aliendelea kujikaza kisabuni na kufa na tai shingoni.

Juma moja kabla ya sikukuu, Torquil alibisha mlango. Alikuwa fundi wa mapipa aliyestaafu, rafiki yake wa utotoni, na mkewe Ishbel alikuwa amefariki Septemba. Alikaa karibu na moto, akaizungusha kofia yake mikononi.

"Murdina, nina ombi. Usinicheke."

"Nikucheke nini, wewe uliyezaliwa ukichekesha?"

"Ni kikombe cha Ishbel. Unakumbuka jikoni kwake siku za kupika jemu? Asali, matofaa, na ile nta aliyokuwa akisugulia meza. Nimeanza kusahau, dada. Uso wake ninao, picha zipo. Sauti yake iko kwenye simu. Lakini harufu haina pa kuwekwa. Juzi nimefungua kabati lake la nguo, nikakuta limebaki kabati tu."

Bi Murdina alitazama moto. Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi: Torquil, mimi sisikii harufu tena. Angelisema, na mambo yangekuwa mepesi. Lakini alimwona mzee yule anavyomtazama, kama mtu aliyeshika kamba ya mwisho, akaona haya.

"Nitakutafutia," alisema.

"Najua utanitafutia. Nani mwingine kama wewe?"

Kilemba kile cha ukoka kilimkaa kichwani kizito kama jiwe.

Jumamosi mchana wakakutana ukumbini kuchagua. Kirsteen ndiye aliyeandaa. Chupa nane zilipangwa kwa mstari na kufunikwa kitambaa, na mbele yake glasi nane za buluu, ili rangi ya kinywaji isimdanganye mnusaji. Bi Murdina alikuwa amewahi. Kirsteen alipokwenda jikoni kuchukua maji, yeye aliinua kitambaa haraka. Chupa ya tatu ilikuwa ile ya bonde la Spey, iliyolala miaka kumi na minane katika mapipa ya mvinyo wa Uhispania. Aliijua kama alivyojua kiganja chake. Ilikuwa asali na matofaa, na mwishoni kitu kama nta ya mshumaa. Basi glasi ya tatu ndiyo ya Ishbel.

Alichosahau ni kwamba Kirsteen hutumia mkono wa kushoto, na alikuwa amemimina akianzia upande wa pili, chupa ya kwanza katika glasi ya mwisho. Glasi ya tatu ilikuwa na wiski ya visiwani, ile ya moshi mzito wa mboji na chumvi ya bahari.

Bi Murdina aliinua glasi ile, akafumba macho. Ulimini kulikuwa na moto na utamu kidogo, basi. Kwa hiyo aliyatoa maneno kutoka kwenye kumbukumbu, na kwa kuwa aliyapenda yalitoka vizuri mno.

"Hii hapa. Jiko lenye dirisha wazi. Asali ya maua ya mlimani. Matofaa ya Oktoba."

Kirsteen aliinusa, akakunja uso, akainusa tena. "Asali, Bi Murdina?"

"Asali."

"Haya," alisema Kirsteen, akaandika.

Sikukuu ilifika, na ukungu haukuwa umeondoka. Saa sita mchana ukumbi ulijaa. Zumari za mfuko zililia mlangoni, bendera za buluu na nyeupe zikaning'inia darini, wazee wakavaa kilti, sketi zao za kiume, zilizowabana kiunoni. Supu ya samaki wa moshi ikaliwa, kisha hagisi ikapita na kushangiliwa. Wiski mbili za mwanzo zilikuwa zimechaguliwa kwa njia ile ile, na watu walizinywa huku wakitazamana.

"Pua mwaka huu katupeleka mbali," alinong'ona Mzee Dougal, mwenye duka. "Kasema maua. Nimeyatafuta maua hadi machozi yananitoka."

"Wewe ulimi wako umezeeka," mkewe alimjibu. "Mimi nayasikia. Yako kwa mbaaali."

Kisha zumari zikanyamaza. Torquil alisimama peke yake katikati ya ukumbi, amenyoa vizuri, amevaa tai aliyoshonewa na Ishbel. Akapewa kile kikombe cha mikono miwili. Alifumba macho, na Bi Murdina akaona tabasamu limeshaanza kuchomoza usoni pake, kama mtu anayesikia hatua za mgeni wake uani. Akainamisha kichwa, akavuta pumzi ndefu.

Tabasamu likafa. Akakiweka kikombe mezani kwa uangalifu mkubwa, akatoka nje bila kofia.

"Inanuka nini?" Bi Murdina alimshika Kirsteen mkono. "Niambie upesi. Inanuka nini?"

Kirsteen alimtazama kwa mshangao. "Iodini, Bi Murdina. Bendeji. Mimi tangu siku ile nilisikia hospitali tupu, ila nikasema Pua ikisema asali, basi ni asali."

Bi Murdina alitoka mbio. Alimkuta Torquil kwenye ngazi za ukumbi, ukungu umemmeza hadi magoti.

"Ni wodi ile ile aliyofia Ishbel," alisema Torquil bila kugeuka. "Nimekuomba jiko, Murdina, umenirudisha wodini. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Sikujua."

"Wewe? Wewe usijue?"

"Sisikii harufu, Torquil. Tangu Machi. Hata ukinichomea nyumba sitajua mpaka nione moto." Sasa alikuwa analia, na hakujali nani anamwona. "Nilichungulia chupa. Nimekudanganya siku ya kikombe chako."

Torquil aligeuka. "Tangu Machi! Na nesi ni jirani yako! Mbona hukusema?"

"Niliona haya. Nikiondolewa pua, nabaki nani?"

"Unabaki Murdina, mpumbavu wewe! Ishbel alikuwa na uvimbe ule tangu Pasaka. Akaufunika kwa sweta. Aliona haya, hivyo hivyo kama wewe. Alipokuja kuusema, madaktari hawakuwa na la kufanya. Mwanamke mmoja amenifanyia hivyo mwaka huu. Usiwe wa pili."

Torquil akamshika mkono, wakarudi ndani. Bi Murdina alipiga moyo konde, akawaambia wote, mbele ya meza na mishumaa.

"Mungu ashukuriwe!" Mzee Dougal aliropoka. "Nilidhani nimeharibika mimi!"

Wakacheka, na Bi Murdina mwenyewe akacheka huku anapenga kamasi. Lakini Kirsteen hakucheka. Alimvuta kando.

"Pua hufundishwa kutembea upya, Bi Murdina, kama mguu uliovunjika. Ungekuja Machi, leo huenda ungekuwa unakimbia. Sasa siwezi kukuahidi kitu. Tuanze kesho."

Wakaanza. Kirsteen alimletea vichupa vinne: waridi, limau, karafuu na mkalitusi. Kila asubuhi na kila jioni alivinusa kimoja kimoja, akijitahidi kukumbuka. Torquil alijipa kazi ya kumshikia vichupa, akivuka ukungu na mbwa wake mzee nyuma yake. Disemba ilipita, na karafuu haikumwambia neno. Januari ikapita. Lakini wakati wa kungoja Bi Murdina alisimulia. Alisema jinsi jiko la Ishbel lilivyonukia Oktoba, asali ikichemka, maganda ya matofaa kwenye ndoo, na ile nta ikipata joto chini ya kitambaa. Torquil alifumba macho kitini, bila kusogea, uso wake umelegea kama wa mtoto aliyelala. "Rudia pale penye nta," alimwambia kila mara. Naye alirudia.

Asubuhi moja katikati ya Februari mvua ilinyesha kwa fujo. Torquil aliingia amelowa chapachapa, mbwa akajitupa mbele ya moto, mvuke ukaanza kumtoka mgongoni. Bi Murdina alikuwa na kichupa cha limau mkononi. Alikiweka mezani, akainua kichwa.

"Torquil."

"Nini?"

"Mbwa wako ananuka."

Torquil alitazama mbwa, kisha akamtazama yeye.

"Ananuka vibaya mno," alisema Bi Murdina, machozi yakimtiririka. "Ananuka kama soksi za jeshi zima. Ee Mungu wangu, mnyama gani huyu!"

Torquil aliinuka upesi amtoe nje.

"Ukimgusa tutagombana," alisema Bi Murdina, akapiga magoti sakafuni, akazamisha pua yake ndefu ndani ya manyoya yale yaliyolowa, akavuta pumzi.

Siri aliyoificha miezi minane haikumpa kitu ila samaki mbovu na machozi ya rafiki, na aliyoitamka siku moja ilimzalia hata harufu ya mbwa. Wahenga walinena kweli: mficha uchi hazai.