Zimwi Lililomnenepesha Mbeyu

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni karibu, niwape yaliyomkuta Mbeyu, binti Kadzo.

Zamani, kule nyika, Mbeyu alikwenda kuchuma ukwaju akawapotea wenzake. Alikuwa msichana mwembamba kama ufito. Zimwi likamkuta, likamtia mfukoni, likavuka naye nyika kavu isiyo na nyumba wala mti wa matunda, mpaka pangoni kwake.

Likampapasa mbavu, likasikitika.

"Wewe mifupa mitupu. Kula, unenepe, kisha nami nile."

Basi kila siku likamletea wali wa nazi, karanga, samli na asali. Mbeyu alionja tonge moja moja tu. Alilia tu, akimkumbuka mama yake.

Pango halikuwa na mlango. Zimwi halikuhitaji mlango, maana kila aliyetoroka alikufa njaa njiani.

Mle ndani mlikuwa na kondoo mzee mwenye mkia mnene. Zimwi lilikwisha kumsahau. Siku moja Mbeyu akamuuliza anaishije, na majani yote yamekauka.

Kondoo akamjibu, "Mjukuu wangu, chakula changu nimekibeba. Wakati wa majani nakula sana, na kinachozidi kinageuka mafuta, yanakaa mkiani. Kiangazi kikija, mwili unayatumia kidogo kidogo. Nawe mwili wako unajua kazi hiyo. Mwili wa zimwi ndio haujui. Likila sasa hivi, baada ya muda mfupi lina njaa tena."

Mbeyu akafikiri sana. Kisha akavuta sahani.

Akala, akala, akala. Mashavu yakajaa, mikono ikajaa, mapaja yakajaa. Jioni zimwi likamminya mkono, likasema, "Bado." Jioni nyingine likamminya, likasema, "Bado." Ikafika jioni likamminya, likacheka.

"Kesho."

Asubuhi likaenda kukata kuni. Basi Mbeyu na kondoo wakatoka. Kondoo alijua visima vya njiani, kwa hiyo maji walipata. Chakula hakikuwapo kabisa.

Wakatembea, wakatembea, wakatembea. Njaa ilimuuma Mbeyu, akaogopa kwamba ataanguka. Lakini miguu ilizidi kwenda. Mashavu yakapungua, mikono ikapungua, na mkia wa kondoo ukalegea kama mfuko uliomwagwa unga.

Zimwi nalo likarudi, likaona pango tupu, likatoka mbio. Kabla halijawafikia, njaa ikaliuma, likarudi kula. Likatoka tena, likarudi tena kula. Mara ya tatu likajitwika kapu la nyama, lakini likaimaliza yote kwenye pumziko la kwanza. Safari hii halikurudi. Likafuata nyayo mpaka likamwona Mbeyu mbele yake, karibu kabisa.

Basi likanyoosha mkono, lakini nguvu zikaliishia kwa njaa. Likakaa chini.

"Mbeyu," likasema kwa sauti ndogo, "unakula nini wewe, mbona bado unatembea?"

Mbeyu akasimama mbali kidogo. Akajibu taratibu.

"Nakula chakula chako."

"Chakula gani? Huna hata kikapu."

"Kile ulichonipa pangoni. Bado ninacho."

Zimwi likamtazama, halikuelewa. Likajilaza mchangani, wala halikuinuka tena.

Mbeyu akafika kwao jua likiwa la alasiri. Mama yake, Kadzo, alikuwa anatwanga. Akaangusha mchi, akamkumbatia mwanawe, akampapasa mgongo na kuhesabu mifupa kwa vidole.

"Umekonda, mwanangu. Huko ulikokuwa hawakukulisha?"

"Nililishwa sana, mama," Mbeyu akasema. "Ndiyo maana nimefika."

Mvua ziliponyesha, kondoo akala majani mabichi nyuma ya nyumba, na mkia wake ukaanza kujaa upya.

Hadithi yangu inakomea hapo, watoto. Funzo lake ni hili: chakula cha siku za neema hakipotei chote. Kinachozidi, mwili unakigeuza mafuta na kuyaweka, yakupe nguvu siku ya njaa. Kwa hiyo mkipakuliwa, kuleni.