Gumba, Shahada na Kidole cha Mwisho

Hapo zamani, kabla hujazaliwa wewe unayepiga miayo hapo nyuma, kulikuwa na kijiji kinaitwa Usengwa. Kilikuwa mbali. Ukirusha jiwe kutoka hapa halifiki, nimeshajaribu.

Kijijini hapo alikuwapo nguruwe pori mmoja. Watu walimwita Bwana Shamba, maana kila asubuhi alikagua mashamba ya watu, na akishakagua, kazi ya shamba hilo imekwisha. Alikuwa mkubwa. Mimi sipendi kutia chumvi, kwa hiyo nitasema hili tu: siku moja alijikuna kwenye ukuta wa nyumba ya jumbe, na jumbe alipoamka akajikuta kijiji cha pili, anakaribishwa uji kama mgeni.

Sasa sikilizeni mwenye shida ni nani. Ni Bi Kalunde, mjane. Bwana Shamba alimmalizia viazi, akammalizia karanga, sasa ameingia kwenye muhogo, na baada ya muhogo hakuna kitu kingine. Juu ya hapo, binti yake Mwashi anaolewa Ijumaa. Mshenga wa upande wa bwana harusi, Mzee Kibwana, akaja akakaa mkekani, akasema:

"Mama, sisi hatuna makuu. Mbuzi hatudai, tunajua huyo mnyama amekumaliza. Lakini harusi bila nyama kabisa, wageni watakaa wanatazamana? Tupatie hata swala. Ila awe amechinjwa. Apigwe, aanguke, achinjwe angali anapumua. Akifa kwa risasi huyo ni kibudu, na sisi kibudu hatuli."

"Na nisipompata?"

"Basi tungoje mavuno, mama."

Mavuno gani? Na Bwana Shamba yupo?

Bi Kalunde alikuwa amebakiwa na kitu kimoja cha maana. Bonde la mpunga, kule mtoni, ambalo nguruwe hakuliweza kwa uzito wake, akikanyaga tu anazama mpaka masikio. Mama akaenda barazani kwa jumbe, akasimama mbele ya watu, akaapa:

"Bonde langu nampa mtu mmoja. Huyo atakayeniondolea Bwana Shamba na kunipatia swala wa kuchinjwa. Mmoja, mmesikia? Nikiligawa halitatosha hata kuanika kanga."

Wakasimama wawindaji watatu. Ntobo, Lugendo na Mahona. Wote watatu walikuwa na magobole, zile bunduki za kushindilia baruti kwa mdomoni, na yote yalitengenezwa na mhunzi mmoja, Igembe.

Siku hizi mnasikia kaliba, mara mia tatu na nane, mara saba nukta ngapi. Hizo namba mimi nazijua zote. Nimesoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe nimelisoma mara mbili, kwa hiyo ni la nane. Lakini Igembe alikuwa hana habari na namba. Ukienda kwake kutaka gobole anakuuliza neno moja tu: "Kidole gani?" Maana mtutu aliupima kwa kidole chake mwenyewe. Kidole kikiingia bila kubana, basi, bunduki imekwisha.

Ntobo alichagua kidole cha mwisho. Risasi yake ndogo kama punje ya kunde. Akifyatua, kuku aliyelalia mayai hageuki.

Lugendo alichagua gumba. Na gumba la Igembe, Mungu amrehemu, watu walikuwa wanalidhania muhogo. Risasi ya Lugendo ilikuwa kama yai la kanga. Akifyatua, yeye anakwenda nyuma na risasi inakwenda mbele, na hakuna ajuaye nani kafika mbali zaidi.

Mahona alichagua kidole cha shahada. "Mimi sitaki makubwa wala madogo," alikuwa akisema. "Shahada inafaa wote, swala na nguruwe." Akakusimulia hivyo asubuhi, akakusimulia mchana, ukimkimbia anakufuata.

Haya. Wakaingia kazini.

Ntobo akaanza. Akamkuta Bwana Shamba anakula muhogo. Akalenga, akafyatua. Ti! Risasi ikamgonga nguruwe kwenye paji la uso, ikaomba radhi, ikaanguka chini. Bwana Shamba akajikuna, akaendelea kula. Wanawake waliokuwa wanakwenda kisimani wakacheka mpaka ndoo zikaanguka.

"Kaka Ntobo, ulikuwa unampaka wanja?"

Ntobo akarudi kwake.

Akafuata Lugendo. Akamkuta pongo, yule swala mwenye pembe za kujisokota, amesimama kwenye uwazi. Akalenga, akafyatua. NDU! Moshi ukakaa siku nzima. Ulipoondoka, hakuna pongo. Zimebaki pembe, na kwato nne zimesimama palepale zilipokuwa, kama viatu mlangoni mwa msikiti. Mzee Kibwana akaja mbio na kisu, akatazama huku, akatazama kule.

"Nichinje kipi, mwanangu?"

Lugendo naye akarudi kwake.

Akafuata Mahona. Akamkuta nguruwe, akamkuta na pongo. Lakini alikuwa na watu nyuma yake, akawa anawaeleza kwa nini shahada inafaa wote, na alipomaliza kueleza wanyama walikuwa wameshaondoka.

Igembe mhunzi akawaita watatu hao uani kwake. "Mbona jambo dogo? Ntobo, wewe piga swala. Lugendo, wewe piga nguruwe. Mahona, wewe kaa kimya."

"Halafu bonde achukue nani?" akauliza Ntobo.

"Na mimi nimechekwa kwa zile kwato," akasema Lugendo. "Niache hivihivi?"

Igembe akachukua nyundo yake akaendelea na kazi.

Ikafika Ijumaa. Alfajiri Mwashi anapakwa hina, sufuria ziko mekoni zina maji matupu, na mshenga ameshafika na watu wake, wamekaa kwa adabu wakiangalia upande wa mekoni. Wawindaji wako kwenye muhogo wa Bi Kalunde, kila mmoja kwenye kichaka chake. Bi Kalunde mwenyewe amekaa kizingitini, mkono shavuni.

Pongo akatoka kwanza. Akaanza kula majani. Nyuma yake akatoka Bwana Shamba.

Ti! Gobole la Ntobo likalia. Pongo akavunjika mguu wa nyuma, akaanguka, anapumua. Akaanza kujiburuta kuelekea kwenye miiba, na miiba ya Usengwa mbwa mwenyewe haingii.

Mahona akafyatua lake. Che! Baruti imelowa umande. Akalitupa gobole kule, akachomoa kisu, akakimbia. Akamshika pongo pembe, akamwelekeza kibla, akasema, "Bismillahi, Allahu Akbar," akaanza kuchinja.

Bwana Shamba akamwona mtu kwenye muhogo wake. Akainamisha kichwa. Akaja. Ardhi ikatetemeka, maji ya sufuria yakaanza kuchemka yenyewe kabla ya moto. Watu wakapiga kelele, "Mahona, kimbia! Mahona!" Mahona hakuinua kichwa. Angeacha nusu, nyama imeharibika.

NDU! Gumba la Lugendo likanguruma. Majani ya miti yakadondoka mpaka wilaya jirani. Bwana Shamba akafa akiwa bado anakimbia, akateleza kwa pua, akakomea katikati ya miguu ya Mahona. Na Mahona akafuta kisu kwenye nyasi.

Basi harusi ikawa. Pongo akaliwa na wageni wote, akabaki, akaliwa tena na wageni wa wageni. Nguruwe wakamchukua wale wasiojali, walimla mpaka walipoanza kukoroma. Mwashi akaenda kwake. Bi Kalunde akalia kidogo, akacheka kidogo, kama mama yeyote.

Kesho yake barazani. Bonde.

Ntobo akasimama. "Mama, bila kidole cha mwisho ungewalisha nini watu? Risasi yangu ilimwangusha pongo, ikamwachia pumzi ya kuchinjiwa. Angepigwa na gumba tungechinja kwato. Bonde ni langu."

Lugendo akasimama. "Pumzi ya pongo unaisema, na pumzi ya Mahona? Bila gumba langu leo tungekuwa matangani. Na nguruwe angekuwa kwenye muhogo anakagua. Bonde ni langu."

Mahona akasimama. "Mimi niliingia kwa mwili wangu mwenyewe. Pongo alikuwa anakwenda zake miibani, nani alimshika? Nyama mliyokula ni halali kwa mkono wa nani? Na nguruwe mnadhani alikuja pale kwa nini? Alinifuata mimi. Bonde ni langu."

"Na ile shahada inayofaa wote?" akauliza Ntobo. "Mbona haikumpiga yeyote?"

"Ilikuwa umande."

"Umande ulianguka kwako peke yako?"

Watu wakacheka. Bi Kalunde hakucheka. Alikuwa amekaa chini na mbegu za mpunga kwenye ungo, maana mvua imeshanyesha na bonde linataka mtu. Akamtazama Ntobo.

"Mwanangu Ntobo. Ulimlenga nani?"

Ntobo akatazama miguu yake. Mguu wa kushoto, mguu wa kulia.

"Nakuuliza kama mama yako. Ulimlenga nani?"

"Nguruwe, mama," akasema Ntobo. "Nilitaka wale wanawake wa kisimani waone. Pongo alinipitia mbele."

Mama akamgeukia Lugendo.

"Na wewe, baba?"

"Mama, mimi nguruwe nimempiga, watu wote wameona."

"Nimeuliza uliyemlenga."

Lugendo akakohoa. "Pongo. Nilikuwa nimeshamlenga tangu zamani. Nilisema safari hii nitampunguzia baruti nione. Mara Mahona huyu akaja akamshika pembe, na kidole changu kimeshavuta, ila baruti ya gobole huchelewa kushika moto. Basi nguruwe ndiyo akapita katikati."

Mahona akakaa chini. Alikaa bila kutafuta kiti.

"Kwa hiyo nguruwe ndiye aliyeniokoa?" akauliza taratibu.

Lugendo akakificha kidole chake.

Jumbe akasema, "Basi, mama, chukua bonde lako urudi nalo. Hapa hakuna bunduki iliyofanya ilichokusudiwa."

"Mimi nimeapa mbele ya watu," akasema Bi Kalunde. "Muhogo wangu upo, binti yangu kaolewa. Nilichotaka nimepata. Silirudishi."

Haya, nyie mliokula pilau yangu mkanyamaza, semeni sasa. Yuko Ntobo, aliyempiga mnyama sahihi kwa bunduki sahihi, huku akimtaka mwingine. Yuko Lugendo, aliyemuua Bwana Shamba na kumwokoa mtu ambaye nusura amuue yeye mwenyewe. Yuko Mahona, aliyefanya hasa alichokusudia, ila bunduki yake ingekuwa fimbo ya kuswagia mbuzi ingefaa zaidi. Mama ana ungo magotini, mvua haimngoji mtu, na bonde ni la mmoja.

Wewe wa miayo, anza wewe: angekuwa mama yako, ungemwambia ampe nani?