Gari Lililoitwa Tukijaliwa

Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako, yaelekea walikuwa wakimzungumzia chawa. Mdudu yule hatoki mbali. Hukaa ndani ya shati ulilovaa, akakutafuna taratibu, nawe umekodoa macho nje ukimtafuta mbaya wako. Sisi wajukuu tukaichukua methali hiyo tukaifanya fimbo ya kuwachapia ndugu. Kitu kikipotea nyumbani, husemwa kikulacho ki nguoni mwako, na macho yote humwelekea shemeji. Ni wachache mno wanaokumbuka kukung'uta kwanza nguo zao wenyewe. Mmoja wa waliosahau ni fundi cherehani aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Bwana Pindo.

Bwana Pindo alikuwa stadi wa kazi yake. Suruali aliyoipinda yeye ilikaa sawasawa hata kama mvaaji alikuwa na mguu mmoja mfupi. Aliamini kwamba hakuna jambo la heshima linaloweza kufanywa bila koti. Dukani alishona akiwa na shati lililochujuka, futi shingoni na pini mdomoni. Lakini akiitwa kikaoni, msibani, shuleni kwa wanawe au mbele ya mama mkwe wake, alivaa koti la kijivu alilojishonea mwenyewe. Lilikuwa koti la mifuko saba, mingine akiijua yeye na cherehani yake tu.

Alikuwa pia na gari lililovuka miaka ishirini. Lilikuwa limebonyea hapa na pale, mlango mmoja ukifunguliwa kwa ndani tu, lakini kwa kuwaka halikuwa na mzaha. Kisha, kwa muda wa miezi mitatu, likaanza visa. Leo lawaka, kesho lagoma, keshokutwa lawaka tena kana kwamba halijakosea mtu. Stata ilizunguka vizuri, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Majirani, ambao hawakosi neno, wakalibatiza jina: Tukijaliwa.

Kilichomkera zaidi Bwana Pindo ni jinsi gari lilivyochagua siku. Akienda kununua nyuzi, liliwaka. Akienda kutupa vipande vya vitambaa, liliwaka kwa furaha. Akiitwa kwenye mkutano wa wazazi, liligoma. Kwenye msiba wa rafiki yake liligoma pia, akafika kaburini kwa miguu, koti limelowa jasho, watu wakiwa tayari wanakung'uta udongo mikononi.

Fundi wa gari hilo alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye gereji mtaa wa pili. Ndiye aliyelitunza tangu liliponunuliwa. Alipoitwa, alipima betri, akasafisha vichwa vyake, akabadilisha plagi, akatega sikio kusikiliza pampu ya mafuta. Kisha akazungusha ufunguo. Gari likawaka. Akalizima, akaliwasha tena, hata zikatimia mara ishirini, na mara zote ishirini likawaka.

"Shemeji, ugonjwa usioonekana hautibiki," alisema akifuta mikono. "Siku likigoma usihangaike nalo. Niite nilikute hivyo hivyo. Halafu nikuulize, pale kwenye dashibodi kuna taa ndogo nyekundu, ina picha ya ufunguo. Likigoma, huwa inamemeteka?"

"Mimi naendesha gari, sitazami mapambo," alijibu Bwana Pindo.

Siku aliyorudi kutoka kwenye ule msiba, miguu ikimwaka moto, alimkuta shemeji yake sebuleni akinywa chai na dada yake. Hasira zikampanda.

"Mimi nimeshangaa," alisema bila hata salamu. "Gari likishikwa na wewe linawaka, likishikwa na mimi linagoma. Tena linajua siku zangu za maana. Nani anayejua siku zangu za maana, kama si watu wa ndani? Kikulacho ki nguoni mwako, shemeji."

Fundi akaweka kikombe chini. "Unasema mimi ndiye ninayekuharibia gari?"

"Nimetaja methali tu. Anayewashwa na ajikune."

Shemeji akasimama, akamuaga dada yake, mwenye nyumba hakumuaga. Tangu siku hiyo mguu wake haukukanyaga tena pale. Mke wa Bwana Pindo akanuna mnuno wa kutisha. Hakumsemesha mumewe ila kwa kupitia watoto. "Mwambieni baba yenu chakula kiko mezani," alisema, hata saa ambazo watoto walikuwa shuleni na ndani ya nyumba wamo wawili tu.

Mambo yakiwa hivyo, zamu ya mama mkwe ikafika. Mama huyo, aliyemzaa mke na kumzaa fundi wa gari, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limeshazimika. La kulia lilimwonyesha vivuli tu. Daktari wa upasuaji wa macho alikuja hospitali kuu mara mbili tu kwa mwaka, na mama alikuwa ameisubiri zamu hiyo miezi mitano. Kadi yake ilisema Jumatano, saa mbili kamili asubuhi, na chini yake mtu aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba atakayechelewa zamu yake atapewa mwingine. Akikosa hapo, vile vivuli navyo vingeweza kwenda.

"Tumwombe kaka atutafutie gari," mke alimwambia mumewe Jumanne, akisahau kununa kwa sababu ya hofu. "Au tukodi teksi. Usitufanyie majaribio na macho ya mama yangu."

"Mama mkwe wangu apelekwe na gari la kukodi kama gunia, na mimi mkwewe ninalo gari? Hata!" Bwana Pindo alitoka na shati lake la kazini, akaliwasha gari mara tisa mfululizo. Mara tisa likanguruma. "Umesikia? Tangu mtu fulani aache kuja hapa, limepona."

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu, mama aliketi kiti cha nyuma amepakata mkoba wake. Bwana Pindo akajipulizia manukato, akafunga vifungo vya koti, akaketi nyuma ya usukani kama bwana harusi. Akazungusha ufunguo. Stata ikazunguka. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Akajaribu tena. Akajaribu huku akilibembeleza, akajaribu huku akilitukana kwa sauti ya chini ili mkwe asisikie.

"Nimepofuka macho, mwanangu, masikio ni mazima," alisema mama kutoka nyuma.

Mke hakungoja ushauri wa mtu. Alimpigia kaka yake simu, na robo saa haikupita, fundi akatokea na pikipiki, ovaroli yake haijafungwa vifungo. Hakumtazama shemeji yake. Alimwamkia mama yake, akaketi kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Tukijaliwa likawaka papo hapo.

"Mmeona!" Bwana Pindo alipaza sauti hata majirani wakachungulia madirishani. "Limemwona bwana wake, limetii! Nilisema nini mimi?"

Fundi akalizima. "Miezi mitatu natafuta kuuona ugonjwa huu. Kaa wewe. Washa nikiona."

Bwana Pindo akakaa, akazungusha. Gari likakohoa, likanyamaza. Fundi, aliyekuwa ameinamia dirishani, akaiona ile taa nyekundu ikimemeteka upesi upesi.

"Gari linaukataa ufunguo," alisema akikuna kichwa. "Ufunguo ule ule niliowashia mimi sasa hivi. Sielewi. Basi, nipishe niwapeleke mimi, mengine tutayazungumza jioni."

Hapo ndipo kichwa kigumu cha Bwana Pindo kilipopita mipaka. Alitoka, akafunga mlango, akauegemea. "Huliendeshi gari hili mpaka useme umelitia kitu gani."

"Baba watoto!" mke alipiga kelele, machozi yakimlengalenga. "Saa moja na dakika tano hii! Mama yangu atakuwa kipofu kwa sababu ya kiburi chako!"

Bwana Pindo alisikia neno hilo likimchoma, lakini hakusogea. Alikuwa amekwisha kulisema jambo mbele ya majirani, na mtu wa namna yake akishapanda juu ya mti wa maneno hajui kushuka.

Mlango wa nyuma ukafunguka. "Nishikeni mkono," alisema mama. "Nitakwenda kwa miguu. Mkimaliza kugombana mtanikuta njiani." Akapapasa hewani akitafuta mtu, akaukamata mkono uliokuwa karibu, mkono wa kulia wa mkwewe. Vidole vyake, ambavyo kwa miaka miwili vilikuwa vikifanya kazi ya macho, vikatua karibu na kifundo, vikasimama.

"Mkwe wangu, mkono huu ulivunjika lini?"

"Haujavunjika, mama."

"Mbona una mfupa nje ya mfupa?" Akabonyeza tena, akafuatisha umbo lake chini ya kitambaa. "Una kichwa. Una na meno. Huu ni ufunguo."

Bwana Pindo akaanza kukohoa kama gari lake.

"Ufunguo wa nini huo?" mke aliuliza.

"Ule wa akiba," alijibu kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa.

Ufunguo wa akiba ulikaa miaka yote kwenye msumari, gerejini kwa shemeji, ili gari likileta shida fundi asisumbuke kuufuata. Lakini miezi mitatu nyuma, mteja mmoja aliyekuja kupunguziwa suruali alisimulia jinsi mafundi wanavyoiba vipuri vya magari ya watu. Bwana Pindo hakulala. Kulipokucha alikwenda kuuomba ufunguo kwa kisingizio cha kuusafisha, akautengenezea mfuko wa siri ndani ya bitana, mwishoni mwa mkono wa koti, akaushonea humo. Hakumwambia mtu.

Fundi alimtazama, akaitazama ile taa, kisha akashika kiuno akacheka mpaka akakaa kwenye kiti cha pikipiki.

"Vua koti, shemeji."

"Mbele ya mama mkwe?"

"Vua, mwanangu," alisema mama. "Sioni kitu."

Akalivua, akampa mkewe alishike. Akaingia na shati, akazungusha ufunguo, na gari likawaka.

"Kila ufunguo wa gari hili una sauti yake humo kichwani," fundi alieleza, akimsaidia mama kurudi kwenye kiti. "Gari husikiliza hapo kwenye tundu. Ukiingiza mmoja na mwingine uko mkononi mwako, zinasema zote mbili kwa pamoja. Ni kama wewe ukiitwa na mkeo huku, na mama mkwe kule. Unafanyaje?"

"Nasimama," Bwana Pindo alikiri.

"Basi na lenyewe husimama."

Bwana Pindo aliendesha akiwa na shati tu, na njia nzima hakuna aliyemsikia akizungumzia heshima. Walifika saa mbili kasoro dakika nne, muuguzi akiwa na orodha mkononi, na jina la mama likasomwa kabla hajapata pa kukaa. Mlango ulipofungwa nyuma yake, wakabaki watatu kwenye benchi refu la kijani.

Bwana Pindo alijawa na aibu, na pamoja nayo hofu ya jinsi alivyokaribia kumpofusha mama wa watu. Mwishowe akamgeukia shemeji yake.

"Nimekukosea," alisema. "Nilikudhania ubaya, nikautangaza mbele ya majirani. Wewe hukunifanyia lolote ila wema. Nisamehe."

"Na mimi je?" aliuliza mkewe.

"Na wewe, mama watoto."

Fundi alikuwa ameumia, na halikuwa jambo la kufutwa kwa kitambaa. Bwana Pindo akachomoa wembe mdogo wa kazini kutoka kwenye pochi yake, akalilaza koti mapajani, akaanza kufumua bitana, uzi baada ya uzi. Ulikuwa mshono mzuri kuliko yote aliyowahi kushona, na ulimchukua muda kuumaliza. Akautoa ufunguo, akaupangusa kwa shati lake, akauweka kiganjani mwa shemeji yake.

"Urudishe msumarini."

Fundi akaufumbata. "Ulimkung'uta kila mtu, shemeji," alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Ulisahau koti."

Naye Bwana Pindo, aliyekuwa amemnyoshea mwenzake methali hiyo, aliitazama bitana iliyochanika juu ya mapaja yake, akaisema tena, safari hii akijiambia mwenyewe: kweli, kikulacho ki nguoni mwako.